Sukuma Kushoto

Skipton, Jumamosi ya pili ya Oktoba,
saa nane mchana, na jua limekaa pembeni
kama mgeni asiyetaka kuvua koti.
Tunakabidhiwa boti: futi hamsini na saba za chuma,
upana nikikunjua mikono naumaliza,
rangi ya kijani, na ubavuni jina la mwanamke
ambaye hapa gatini hakuna anayemkumbuka.

Bwana Ackroyd ana grisi kwenye kucha
na sentensi chache.
Huu mtungi wa gesi. Hii pampu ya choo.
Huu ufunguo wa madaraja, una kizibo ili uelee,
maana wote huudondosha.
Na huu mpini ndio usukani:
ukitaka kulia, sukuma kushoto;
ukitaka kushoto, sukuma kulia.
Akanipima kwa macho.
"Umewahi kuendesha kitu?"

Zaina alicheka mpaka akashika paa.

Miaka thelathini na mmoja nimeendesha basi Leeds,
la ghorofa, na theluji, na walevi wa Ijumaa,
na mtoto aliyezaliwa kiti cha nyuma;
sikuwahi kuchelewa zaidi ya dakika sita
ila siku ya mazishi ya mama,
niliyoyasikiliza kwa simu, nimeegesha, taa zinawaka.
Mikono hii ina elimu yake.
Huiona kona ikageuka kabla sijaiambia.

Kwa hiyo dakika ya kwanza niliingiza pua kichakani.
Dakika ya tatu nikaubusu ukuta wa kiwanda cha zamani.
Bata wakahama bila kulaumu.
Ukingoni bibi mmoja na mbwa wake wakatupita,
wakatupita kwa miguu,
na mbwa mwenyewe mzee.

"Lete," akasema Zaina,
aliyefeli mtihani wa gari mara nne akasusa.
Akauegemea mpini kwa nyonga,
kama mtu anayesukuma mlango huku amebeba sufuria,
na boti ikanyooka.
"Wewe unaamuru kichwa," akasema.
"Hii husikia kwa mkia."

Nikakaa juu ya paa na chai yangu, sina kazi.
Majira haya kamusi zetu huyaita vuli.
Vuli gani isiyopandwa mahindi?
Hapa mti unavua tu, nguo moja moja,
za rangi ya bizari, za rangi ya kutu,
na labda neno lilitoka huko, kuvua, sijui,
sikusomea lugha, nilisomea breki.
Maji ya mfereji hayana haraka ya kufika popote.
Majani yamelala juu yake kama barua zisizofunguliwa;
tukija yanatupisha,
tukishapita yanafunga njia.

Daraja la kwanza la kuzungushwa: zamu yangu.
Ufunguo, kizuizi, kengele, taa nyekundu,
na barabara ikakatika vipande viwili kama mkate.
Magari yakapanga foleni,
na katikati ya foleni, basi.
Dereva kijana, ndevu changa.
Akatazama saa. Naijua ile shingo.
Najua anahesabu vituo vilivyobaki,
anamwona yule mama wa kituo cha mwisho
ambaye hulalamika hata ukiwahi.

Zaina akapita katikati
kwa mwendo wa mtu aliyebeba uji wa moto.
Moshi wa jiko la makaa ukamfuata, ukageuka, ukanitafuta machoni.
Nikainua kiganja kwa dereva
vile tulivyokuwa tukifanya tukipishana;
naye, kwa mazoea,
kabla hajajiuliza huyu ni nani,
akainua chake.

Nikarudisha barabara mahali pake.
Nikageuka, na boti haikuwepo.
Haina breki, alituambia Bwana Ackroyd, wala hawezi kuisimamisha
mtu aliyejifunza saa moja iliyopita.
Basi nikakimbia ukingoni, soksi zimelowa,
ufunguo na kizibo chake vikinigonga kifuani,
naita, napunga mkono,
mimi, abiria aliyechelewa,
na dereva ameniona kwenye kona,
na anafikiria.